KATUNI YENYE MIGUU YA MTU

Tuseme umefika Ndanda, wilayani Masasi, chini ya uwanda wa Makonde, ukarekodi kwa simu ngoma ya vinyago. Mchezaji amefunika uso kwa kinyago cha mti na mwili kwa nguo. Umerudi mjini, na kijana mmoja mtaani anakuambia ataigeuza video hiyo kuwa katuni. Ataifanyaje?

Ufundi wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1915 Max Fleischer wa Marekani aliombea hati ya uvumbuzi chombo kilichomulika filamu nyuma ya kioo, picha moja moja, naye mchoraji akaifuatisha kwa kalamu. Nduguye Dave alivaa nguo za mchekeshaji akacheza mbele ya kamera. Mienendo yake ikawa ya katuni iliyoitwa Koko. Kazi ilikuwa ya kuchosha mno, kwani sinema iendayo kwa picha 24 kila sekunde ina picha 1,440 kwa dakika moja tu!

Kompyuta ikaja kupunguza mzigo. Bob Sabiston, Mmarekani pia, alitunga programu ya Rotoshop. Mchoraji huchora mstari katika picha moja, akauchora tena picha kadhaa mbele, na kompyuta ikajaza zilizo katikati. Filamu ya Waking Life ya mwaka 2001 ilitengenezwa hivyo.

Leo zipo programu zinazochora video nzima zenyewe. Ni nyepesi, lakini mara nyingi mistari hutetemeka, na vumbi linalotimka uwanjani huweza kuungana na miguu ya mchezaji. Mchoraji mwenye jicho huchagua: chale za kinyago azibakize, umati wa nyuma aufute.

Na hapa ndipo penye jambo zito. Rangi hubadilisha sura na mavazi, lakini hatua, mtikisiko wa mabega na namna ya kugeuka hubaki vya mchezaji yule yule. Katuni ikiuzwa, ameuza nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi. Tena ngoma nyingine za vinyago ni za jando na unyago, wala wazee hawazitoi ovyo kwa macho ya kila mtu.

Basi waulize wenye ngoma kabla ya kuwasha simu. Wakikataa, mrekodi mwanao akirukaruka uani, mbele ya ukuta mtupu. Sekunde 10 zatosha kujifunzia: ni michoro 240, au 120 ukiruka picha moja kila baada ya moja.