Kupanga Watoto kwa Kiwango: Manufaa na Madhara Yake

Kintinku, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ni mji mdogo ulio kando ya Reli ya Kati, baina ya Bahi na Saranda, chini kabisa katika Bonde la Ufa, kabla njia haijaanza kupanda ukuta wa bonde kuelekea Manyoni. Na wenyeji wake wengi ni Wagogo, wakulima wa mtama, uwele na mpunga, na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Katika mji wa namna hii, kama katika maelfu ya vijiji vya Tanzania, watoto wanaoketi pamoja siku ya kwanza ya darasa la kwanza hulingana kwa rangi ya sare zao tu: yupo aliyepitia darasa la awali, akajua herufi na kushika penseli, yupo aliyekulia kitongoji cha mbali, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili baada ya Kigogo, na yupo aliyewapita wenziwe kwa miaka miwili au mitatu kwa sababu malisho ya mifugo yalimchelewesha. Mwalimu ni mmoja, ubao ni mmoja na kipindi ni kimoja. Basi, je, awafundishe wote kwa kadiri moja, ama awagawe, kila mtoto akae na wanaolingana naye?

Wazee wa mwambao walikuwa na jawabu lao, ingawa hawakuliandikia vitabu. Chuoni, ambako watoto walifundishwa Kurani tangu Lamu hata Kilwa, hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto alisoma mahali alipofika: huyu yumo katika herufi, huyu ameingia juzuu ya Amma, yule anakaribia kuhitimu, mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja, na mwanafunzi aliyetangulia, aliyeitwa khalifa, aliwakaririsha wachanga. Aliyekawia hakuhesabiwa kuwa amefeli, maana hapakuwa na siku moja ya mtihani ya kuwapima wote kwa kipimo kimoja.

Shule za kisasa, zilizokuja na utawala wa Kijerumani na kisha wa Kiingereza, zilileta utaratibu mwingine: mtoto huwekwa darasani kwa umri wake, na mwendo wa somo hufuata muhtasari, uwe umemngojea ama umemwacha nyuma. Utaratibu huo una insafu yake, kwa kuwa huwapa wote mafundisho yale yale. Walakini asiyejua kusoma mwishoni mwa mwaka wa kwanza hukuta, afikapo darasa la tatu, kwamba kila kitabu kimedhani kuwa anajua. Shida hii ilizidi kila mlango wa shule ulipofunguliwa zaidi, ingawa kuufungua kwenyewe ni jambo la kheri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru elimu ya msingi kwa watoto wote. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima vikafutwa tangu awali hata kidato cha nne. Na madarasa yakafurika, hata idadi ya wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, ambayo ndiyo kanuni ya serikali, ikawa katika shule nyingi ni tamanio tu. Watafiti wa mpango wa Uwezo, walioanza mwaka 2010 kuwapima watoto wa Tanzania majumbani mwao, walikuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya darasa la pili.

Kipimo chao kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwani hakihitaji ila karatasi moja na dakika chache. Mtoto huonyeshwa kwanza herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi, na mahali anapokwama ndipo kiwango chake. Anasoma "baba" na "meza" bila taabu. Anafika kwenye "ng'ombe", anasimama, anatazama dari, anasema "n", anasema "ge", ananyamaza. Mnyama huyo amemchunga tangu utotoni, anamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia, ila jina lake likiandikwa hamtambui. Mwalimu aliyeliona hilo amekwisha kujua la kufundisha kesho: mtoto huyu hana upungufu wa akili, bali hajafundishwa silabi za konsonanti zilizoungana, na iwapo darasani wako kumi wa namna yake, kuwaweka pamoja kwa nusu saa ni bora kuliko kuwasomesha hadithi wasiyoweza kuifuata.

Je, kugawa huko kunafaa kweli? Jirani zetu wa Kenya wametoa ushahidi ulio mzito. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi ya nchi hiyo, darasa la kwanza liligawanywa sehemu mbili baada ya kila shule kuongezewa mwalimu. Katika karibu nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa alama zao, wenye alama za juu huku na wenye alama za chini kule. Katika zilizobaki waligawanywa kwa kura. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, waliosimamia utafiti huo na kuutangaza mwaka 2011, waliona baada ya mwaka mmoja na nusu kwamba katika shule za mgawanyo wa alama walifaidika wote, wa juu na wa chini pia. Wengi walitazamia kwamba wanyonge, wakitengwa na wenziwe hodari, wangezama. Hawakuzama, kwa sababu mwalimu aliyekuwa na watoto wanaolingana aliweza kushusha au kupandisha somo lake likawafikia.

Hapo ndipo kiini cha mambo kilipo. Mkulima wa mpunga hapo Kintinku hagawi shamba lake majaruba kwa kupenda matuta. Huyagawa ili kila jaruba lipate maji kwa kina chake, na akijenga matuta kisha asiyaongoze maji, amejitaabisha bure. Kadhalika mgawanyo wa watoto haufundishi kitu, ila humwezesha mwalimu kufundisha. Shule inayotenga mkondo A na mkondo B kwa alama, kisha ikawapa wote kitabu kile kile kwa mwendo ule ule, na kwa mkondo wa chini ikampeleka mwalimu mchovu kuliko wote, imewatenga watoto bila kuwafaa.

Madhara ya kutenga hivyo si ya kuwaza tu. Mwanafunzi wa Tanzania haambiwi na mtu kwamba mkondo wake ni wa chini. Hulijua siku ya kwanza, na kabla ya juma kwisha wenziwe wamekwisha kugawana majina, hawa vipanga, wale vilaza. Na jina huingia hata moyoni mwa mwalimu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha habari za shule moja ya California, ambamo walimu waliambiwa kwamba watoto fulani wangechanua mwaka huo, ilhali watoto hao waliteuliwa kwa kubahatisha. Na wadogo miongoni mwao wakaendelea kweli kuwapita wenziwe. Wataalamu wamebishana tangu hapo juu ya ukubwa wa athari hiyo, lakini hapana mwalimu mzoefu asiyejua kwamba mtoto anayetazamiwa kidogo hutoa kidogo.

Kwa hiyo njia iliyo salama ni ya kati, nayo imekwisha kutembea mbali. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, huwakusanya watoto kwa muda mfupi wa siku, kwa kusoma na kuhesabu tu, kila mtoto katika kundi la kiwango chake bila kujali darasa lake, kisha huwarudisha kwa wenziwe wa rika moja. Na baada ya majuma machache huwapima tena na kuwahamisha. Nchini mwetu mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa watoto waliokosa shule, uliwatenga wenye miaka 11 hadi 13 na wale wa 14 hadi 18, kwa kutambua kwamba kijana hawezi kufundishwa kama mtoto mchanga hata ikiwa wote wawili hawajui herufi.

Mzazi wa Kintinku, na wa popote, aambiwapo kwamba mwanawe amewekwa kundi la chini, asione haya wala asigombe kwanza, bali aulize maswali matatu: amewekwa huko kwa somo gani, atafundishwa nini ambacho wenziwe hawafundishwi, na atapimwa tena lini? Mwalimu mwenye majawabu ya maswali hayo apewe kila msaada, kwa kuwa kazi aliyoishika ni nzito. Asiye na majawabu awarudishe watoto wote mahali pamoja, maana kundi lisilo na mlango wa kutokea halimfai mtoto yeyote.