Jiwe la Mirerani Lina Rangi Tatu

Wateja huniuliza kama tanzanaiti ni ya bluu au ya zambarau. Jibu langu: inategemea umelishikaje jiwe.

Chukua jiwe bichi, ambalo halijachomwa, uliinue dirishani. Upande mmoja ni bluu. Ligeuze, zambarau. Ligeuze tena, kahawia inayokaribia damu ya mzee. Hata wachimbaji wa Mirerani, yalikogunduliwa mawe haya mwaka 1967, hulizungusha kwanza ndipo wataje bei.

Mwanga ukiingia kwenye jiwe hutikisa elektroni za atomi zake, nazo hutoa mwanga wao unaochanganyika na ule ulioingia. Mchanganyiko huo huenda polepole: hewani ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya tanzanaiti takribani 177,000. Vanadiamu kidogo iliyomo humeza baadhi ya rangi na kuziacha nyingine zipite. Na kwa kuwa atomi za jiwe hili hazikupangika sawasawa pande zote, rangi inayomezwa hutegemea mwanga unatikisika kuelekea wapi. Kioo atomi zake hazina mpangilio. Kigeuze utakavyo, rangi ni ile ile.

Mawe mengi huchomwa kwenye tanuri, nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Wapo wanaodhani huko ndiko yanakopakwa rangi. Sivyo, joto huondoa ile kahawia, bluu na zambarau zikabaki.

Kisha jiwe huja kwangu nilikate, na hapo ni suala la pembe. Mwanga ukiugonga uso wa chini, kutokea ndani, kwa mlalo unaozidi nyuzi 36 hivi kutoka wima wa uso huo, hautoki. Hurudi juu kwa mwenye pete. Ukilikata bapa mno, mwanga huvujia chini na katikati ya jiwe panapwaya, unaweza kusoma gazeti kupitia hapo. Wanaofanya hivyo wanaokoa uzito, na kwangu huko ni kuliua jiwe. Ila nawaelewa, maana uzito hupotea pia katika kuchagua rangi itakayotazama juu: mara nyingi kuutoa uso wa bluu hula karati nyingi kuliko kuutoa wa zambarau, na karati ni hela.

Ukienda kununua, toka nalo nje ya taa za njano za dukani, maana huzidisha zambarau. Ligeuze polepole kwenye mwanga wa mchana. Lisipobadilika upande wowote, usitoe hela mpaka lipimwe.