Paka Anayeuma kwa Woga

Katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, na katika mashamba yanayoizunguka, paka hufugwa kwanza kwa ajili ya panya, kwa kuwa mahindi yanapovunwa kuanzia mwezi wa Oktoba na kuingizwa ghalani, panya nao huyafuata, na familia isiyo na paka huanza kuwauliza majirani ni nani mwenye vitoto vya kugawa. Kwa vile paka huyo huhesabiwa kuwa mlinzi wa magunia, ni wachache wanaouliza alilelewa vipi kabla ya kufika, na siku anapomparura mtoto au kumng'ata mama wa nyumba husemwa kuwa ni mkorofi wa kuzaliwa, akapigwa kwa ufagio au akabebwa hadi soko la mbali na kuachwa huko. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Sehemu kubwa ya ukali unaoonekana kwa paka wa nyumbani ni ukali wa woga, yaani mashambulizi ya mnyama anayejiona yuko hatarini na asiyeachiwa mahali pa kukimbilia.

Wanasayansi walijifunza mengi kuhusu woga kutoka kwa paka mwenyewe. Mnamo 1911 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, akishirikiana na Daniel de la Paz, alichunguza damu ya paka waliotishwa na mbwa anayebweka na kuona dalili za adrenalini, ambayo ni homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo ili kuutayarisha mwili kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli, na tumbo husimamisha kazi ya kusaga chakula. Baadaye Walter Hess wa Zurich, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, aligundua kwamba umeme hafifu ukigusishwa kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, paka aliyetulia husimamisha manyoya, hufoka na kurusha makucha kana kwamba adui yuko mbele yake. Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili kwa wanyama, lakini yalithibitisha jambo ambalo kila mfugaji anapaswa kulifahamu: paka aliyeshikwa na hofu hafanyi ukaidi, na kumwadhibu kwa kuuma ni kumthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa.

Paka mwenye woga hupendelea kukimbia, kisha kujificha, kisha kutulia tuli bila kusogea, na ni pale njia hizo zote zinapozibwa ndipo anaposhambulia. Hali hii huonekana wazi katika uvungu wa kitanda, ambako paka mgeni amejikunyata ukutani, masikio yamelala ubavuni mwa kichwa, mboni za macho zimepanuka hata rangi ya jicho karibu haionekani, mkia umezungushwa na kubanwa mwilini, na huku mkono wa mtu unanyooshwa kumtoa. Kwanza anameza mate na kugeuza uso, halafu anafoka, halafu ananguruma kwa sauti ya chini, na mkono ukizidi kusogea hupigwa kwa makucha. Mtu huyo atasimulia kwamba paka alimrukia ghafla, ilhali alikwisha kuonywa mara tatu au nne.

Mizizi ya woga huo huanza mapema sana. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha kwamba kitoto cha paka kina kipindi cha kuzoea watu, takriban kuanzia wiki ya pili hadi ya saba ya uhai wake, na kwamba kisichoshikwa na mikono ya watu katika wiki hizo huelekea kuwaogopa hadi utu uzima. Baba naye huacha alama yake, kwa kuwa utafiti wa Sandra McCune uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vitoto vya baba mpole huwa na ujasiri zaidi mbele ya wageni, hata ikiwa havijawahi kumwona baba huyo. Kitoto kilichozaliwa nyuma ya magunia, ambacho baba yake ni paka shume wa kuvuka ua, huanza maisha kikiwa na upungufu wa pande zote mbili. Juu ya hayo huongezwa safari: kitoto hutiwa guniani, gunia hufungwa mdomo na kutundikwa kwenye bodaboda kutoka Chwele hadi Bungoma mjini, na kikifika hufungwa kamba mguuni mwa meza ili kisitoroke, watoto wakakizunguka kwa shangwe. Kamba hiyo, inayofungwa kwa nia njema, ndiyo inayokinyima kitoto njia ya kwanza ya kujiokoa.

Tiba basi huanza kwa kumrudishia paka nafasi. Paka mgeni awekwe katika chumba kimoja chenye utulivu, mlango ukiwa umefungwa badala ya shingo yake, akiwa na maji, chakula, beseni la mchanga au vumbi la mbao la kujisaidia, na katoni iliyotobolewa mlango. Katoni hiyo si mapambo, kwani utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba paka wapya katika kituo cha hifadhi waliopewa sanduku la kujificha walipunguza wasiwasi haraka kuliko wenzao waliokosa. Rafu au kabati la kupanda juu husaidia pia. Mtu aingie, aketi sakafuni akiwa amegeuka upande, asimkazie macho. Akitazamwa, afumbe macho polepole na kuyafumbua, ishara ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba huwafanya paka kumsogelea mgeni kwa urahisi zaidi.

Hatua inayofuata ni kuunganisha kile anachokiogopa na kile anachokipenda, na hapa jikoni mwa magharibi mwa Kenya hamkosekani omena, yaani dagaa. Omena wachache, wasiotiwa chumvi, huwekwa mbali na mtu, pale ambapo paka anaweza kula bila kufoka, na kila siku husogezwa kidogo tu; paka akikataa kula, ni dalili kwamba umbali umepunguzwa upesi mno, na inafaa kurudi nyuma. Kazi hii yaweza kuchukua majuma au miezi, na watoto wa nyumbani wafundishwe kwamba paka akiwa amejificha haguswi.

Paka aliyekuwa mpole kisha akageuka mkali ni habari nyingine. Huenda ana jipu, jino bovu au maumivu ya viungo, na anahitaji daktari wa mifugo. Asipewe dawa za binadamu, kwani hata nusu ya tembe ya parasetamoli inaweza kumuua. Mabadiliko ya ghafla yanaweza pia kuwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka huupata na kuuambukiza, na ambao Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza kwa binadamu kufikia mwaka 2030. Anayeng'atwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu meno membamba ya paka huingiza bakteria ndani kabisa ya nyama na kidonda hufunga juu huku usaha ukiendelea chini.

Wapo paka ambao hawatakubali kubebwa maisha yao yote, hasa waliofikisha miezi kadhaa bila kuguswa na mtu. Paka wa namna hiyo akichanjwa, akafungwa kizazi na kuwekewa maji na chakula ghalani bila kulazimishwa kuingia sebuleni, ataendelea kuwinda panya wa mahindi vizuri, na mikono ya wenye nyumba itasalimika.