Dume wa Jana

Mfugaji mmoja wa Mandewa, Singida, alinisimamisha zizini, mkono ukiwa juu ya nundu ya dume wake mweupe aliyeanza kuzeeka. "Daktari, huyu akifa nitampata wapi tena? Nasikia siku hizi wanatoa ng'ombe nakala."

Wanatoa, mzee, tena si Ulaya tu. Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, alizaliwa Tumaini, dume wa Boran aliyetokana na seli ya kijusi. Taarifa yake ilichapishwa 2016. Watafiti walikuwa wanatafuta njia ya kuwapa ng'ombe jeni ya nyani inayozuia ugonjwa wa nagana.

Kazi yenyewe ni ya darubini. Yai la ng'ombe hunyonywa kiini chake kwa sindano nyembamba mno, seli ya mnyama anayenakiliwa huingizwa mahali pake, umeme kidogo huviunganisha. Baada ya wiki hivi kiinitete hupandikizwa kwa jike mwingine abebe mimba. Hapo ndipo hasara ilipo. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti 1996, alikuwa mmoja tu kutoka mayai 277. Kwa ng'ombe mimba nyingi bado hutoka, na baadhi ya ndama huwa wakubwa hadi mama apasuliwe. Hata anayepona si yule yule kabisa: mitokondria zake, vinu vya nishati vya seli, hutoka kwenye yai la jike mwingine, na kama asili yake ina madoa, madoa hukaa kwingine.

Ila kinachonisumbua zaidi ni hiki: nakala humrudisha dume wa jana, wakati kundi hupiga hatua kwa ndama anayempita baba yake. Ng'ombe weupe wa Singida na wale wa Mkalama wenye rangi ya vumbi wamedumu kwenye ukame, tena hawafanani damuni. Ugonjwa ukibisha hodi, wapo wanaosimama. Kundi la nakala lingeanguka kwa pamoja.

Ndiyo maana natetea uhimilishaji. Mbegu zinazokamuliwa mara moja hujaza mirija mingi, ikahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kama wanavyofanya pale Usa River, Arusha. Kila ndama atakayepatikana ni mchanganyiko mpya.

Nikamwuliza dume huyu ana watoto madume wangapi.

"Wanne. Watatu nimeshawahasi."

Na mama wa huyo wa nne, anakamuliwa lita ngapi? Hakuwahi kupima. Tukaenda kumtafuta ndama.