Majilio Kambini: Mtoto Anapouliza Zimebaki Siku Ngapi

Kila mwaka, mvua zinapokaribia kukoma katika nchi ya Ankole na shule zikiisha kufungwa, swali moja huanza kusikika katika nyumba za askari pale Makenke, makao makuu ya Divisheni ya Pili, kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Masaka. Huulizwa asubuhi wakati wa uji, huulizwa tena jioni wakati wa kuoga, na aghalabu aulizaye ni yule mdogo kuliko wote. Krismasi zimebaki siku ngapi? Mama mwenye kazi nyingi hujibu, "Nyingi," na mtoto hurudi kwenye mchezo wake. Kesho yake huuliza tena, kana kwamba jana hakujibiwa. Na kwa hakika hakujibiwa.

Ndugu msomaji, swali hilo lina majira yake katika kalenda ya Kanisa, nayo huitwa Majilio. Wakatoliki na Waanglikana, pamoja na Wakristo wengine kadhaa, huyaanza siku ya Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kuyamaliza mkesha wa Noeli. Jumapili zake ni nne, lakini siku zake hazilingani kila mwaka: huweza kuwa 22 tu, au zikafika 28, kwa kutegemea Krismasi imeangukia siku gani ya juma. Hapo ndipo mwaka wa Kanisa unapoanzia, si tarehe mosi Januari. Padre huvaa vazi la zambarau, isipokuwa Jumapili ya tatu, ambapo anaruhusiwa kuvaa rangi ya waridi kwa sababu furaha imekaribia.

Jambo ambalo wengi wetu hatulitilii maanani ni kwamba Majilio yana kungoja kwa namna mbili. Kungoja kwa kwanza kuna tarehe. Ishirini na tano Desemba haisogei mbele wala hairudi nyuma, awe nacho mtu au asiwe nacho. Kungoja kwa pili ni kule kwa kurudi kwake Bwana, ambako Maandiko yanasema wazi kwamba hapana mwanadamu aijuaye siku wala saa yake. Kanisa limeziweka ngoja hizi mbili katika majuma yaleyale manne, nami naona halikufanya hivyo kwa kukosea.

Nyumba ya askari inaujua mchanganyiko huo kuliko nyumba nyingine yoyote. Tangu Machi 2007, wanajeshi wa kwanza wa Uganda walipoingia Mogadishu, ziko familia ambazo zimekula Krismasi nyingi na kiti kimoja kitupu. Operesheni Shujaa ilianza mashariki ya Kongo tarehe 30 Novemba 2021, nayo ilikuwa siku ya Jumanne. Jumapili iliyotangulia ilikuwa ya kwanza ya Majilio. Basi watoto waliokuwa wameanza kuhesabu siku za Krismasi walijikuta wanahesabu mambo mawili kwa pamoja, moja lenye mwisho unaojulikana na moja lisilo na mwisho unaojulikana. Na polisi nao, afande, hawamo nje ya habari hii. Sikukuu ya raia ni zamu ya polisi, na mtoto wa polisi humwona baba yake au mama yake akivaa magwanda asubuhi ileile ambayo watoto wa majirani wanavaa nguo mpya.

Mimi bado ni kijana, nami nimelelewa katika nyumba za namna hiyo. Kwa hiyo naomba niruhusiwe kusema neno moja kwa akina mama na akina baba. Msimwambie mtoto, "Baba atakuja Krismasi," kama hamna hakika. Najua kwa nini husemwa. Husemwa ili mtoto alale. Husemwa pia ili msemaji mwenyewe apate kulisikia. Lakini mtoto ana tabia moja ambayo wakubwa tumeipoteza: huamini lile aliloambiwa, lote, bila kulipunguza. Mtu mzima akiahidiwa jambo huweka akiba ya shaka moyoni, hata likikosekana asianguke. Mtoto haweki akiba. Atakaa mlangoni tangu asubuhi. Jua likizama bila mtu kuja, hatasema kwamba safari za kazi zina udhia. Atasema moyoni kwamba Krismasi ni uongo.

Basi ajibiwe nini? Hapa nakumbuka habari ya mchungaji mmoja Mjerumani, Johann Hinrich Wichern, aliyefungua mwaka 1833 katika mji wa Hamburg nyumba ya kulelea watoto maskini, iliyojulikana kwa jina la Rauhes Haus. Watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku kwa swali hilihili letu la kambini. Mwaka 1839 akatafuta gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa juu yake: mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili, na midogo kwa ajili ya siku zilizo baina yake. Kila siku uliwashwa mmoja zaidi. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa taji la Majilio ambalo leo linaonekana makanisani pande zote za dunia likiwa na mishumaa minne tu. Watu wengi hulidhani kuwa ni pambo la matajiri wa Ulaya, kumbe lilitengenezwa kwa ajili ya watoto wasiokuwa na kitu, kwa gurudumu lililokwisha kutumika.

Tazama hekima ya mtu yule. Hakuwaambia watoto wanyamaze, wala hakuwadanganya kwamba ni kesho. Aliwapa kitu cha kutazama. Giza la Desemba katika nchi ile huingia mapema alasiri, na kila jioni chumba kilizidi kuwa na nuru kidogo kuliko jana. Mtoto asiyejua hesabu aliweza kuona kwa macho yake kwamba jambo linakaribia.

Sisi hatuna haja ya gurudumu la mkokoteni. Kata ya majani ya migomba, ile ya kutwikia mtungi kichwani, ni duara nzuri kabisa. Lakini moto na majani makavu ni maadui, na nyumba nyingi za kambini zimebanana, kwa hiyo yafaa mishumaa isimamishwe katika makopo yenye mchanga, na kata ikae kando kama pambo tu. Na kama hakuna mishumaa, ziko punje za mahindi. Jumapili ya kwanza mama ahesabu pamoja na mtoto punje sawa na siku zilizobaki, azitie katika bakuli. Mwaka 2025, kwa mfano, Jumapili hiyo iliangukia 30 Novemba, na punje zilizohitajika zilikuwa 25. Kila jioni baada ya sala mtoto atoe moja, aiweke katika bakuli la pili. Bakuli moja litapungua na jingine litajaa. Hiyo ni hesabu ya Krismasi tu, nayo ni hesabu ya kweli, kwa maana Krismasi itakuja hata kama baba hatafika. Habari ya baba iambiwe peke yake: tunamngoja, tunamwombea, siku yake hatuijui. Na baba aliye mbali akipata simu, amwulize mtoto punje ngapi zimebaki, badala ya kuanza na habari za nidhamu na ripoti ya shule. Ripoti itangoja.

Nimesema mtoto huamini bila akiba. Lakini kuna jambo la pili ambalo ni zuri zaidi, nalo ni kwamba mtoto hangoji kwa mikono mitupu. Sisi wakubwa tunapongoja jambo kubwa, yote yaliyo mbele yetu hugeuka kuwa kero: foleni, mshahara usiotosha, bei ya nyama inayopanda kadiri sikukuu inavyokaribia. Mtoto hungoja Krismasi kwa moyo wote, na papo hapo anaweza kuisahau kwa nusu saa kwa sababu ya senene.

Waganda wameuita mwezi wa Novemba kwa jina la mdudu huyo, Musenene, na majirani zetu wa Bukoba wanamwita kwa jina hilohilo letu. Hutokea baada ya mvua, usiku, wakivutwa na taa. Wafanyabiashara huwatega kwa mabati na mapipa chini ya taa kali, na hiyo ni kazi ya fedha. Watoto hawahitaji mabati. Chini ya taa moja ya kambi wanakimbia na chupa tupu ya maji, wanagongana, wanaanguka, wanacheka, wanabishana kama wa kijani ni mtamu kuliko wa kahawia. Anayepata ishirini hujiona tajiri. Mkubwa apitaye huona wadudu. Mtoto huona chakula kinachoshuka kutoka mbinguni bila kununuliwa. Nani kati yao aliyekosea? Yesu alipoulizwa ni nani aliye mkuu, alimwita mtoto akamsimamisha katikati ya watu wazima. Sidhani kwamba alitaka tuwe wajinga au wenye kulialia. Utoto wa namna hiyo tunao wa kutosha, hata maofisini. Nadhani alimtaka mtu ambaye bado anaweza kupokea kitu bila kukipigia bei.

Hata hivyo nisije nikaupamba umaskini, maana si mbali na hapa wako watoto wengine wanaongoja. Mto Rwizi upitao Mbarara huteremka kuelekea mashariki kwenye maziwa, na miongoni mwake ni Ziwa Nakivale. Kando ya ziwa hilo, katika Wilaya ya Isingiro, ipo makazi ya wakimbizi iliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakiikimbia nchi yao. Leo wamo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Wengi wao, hasa waliotoka Kongo, husemezana kwa Kiswahili, lugha ileile inayosemwa katika kambi zetu. Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mtoto wa Makenke anamngoja baba aliyekwenda Kongo au Somalia. Mtoto wa Nakivale ametoka Kongo au Somalia, na anangoja kurudi huko, au anangoja ndugu aliyebaki nyuma. Wamegawana ngoja moja kwa ncha zake mbili.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na serikali hugawa viwanja vya kujenga na kulima, jambo ambalo nchi nyingi hazikulifanya. Lakini mwaka 2023 msaada wa chakula ulianza kugawiwa kwa makundi na kupunguzwa, na mwaka 2025 wakimbizi wengi nchini waliondolewa kabisa katika orodha. Mtoto wa Nakivale hutengeneza mpira kwa makaratasi na majani ya migomba, na furaha yake si ya bandia. Walakini furaha hiyo haishibishi tumbo, wala haimpi mtu mwingine ruhusa ya kusema, "Waache, wamezoea." Kama bakuli la punje nyumbani kwako limejaa ifikapo tarehe 25, uji wake unaweza kunywewa na mtoto wa jirani. Wala asiulizwe ni wa dini gani. Wasomali wengi wa Nakivale ni Waislamu, kama walivyo askari wetu wengi, na Kurani ina sura nzima, ya 19, yenye jina la Maryam na habari ya kuzaliwa kwa mwanawe.

Mtoto anayengojwa katika Majilio yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi kabla hajajua kutembea vizuri. Mathayo anaeleza kwamba Yosefu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri kwa sababu Herode alikuwa akitafuta kuua. Watoto wa Bethlehemu waliobaki wakauawa, na Kanisa huwakumbuka tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya nyimbo na nyama. Mwinjili hakutaja waliotumwa kufanya kazi ile. Lakini mfalme hatumi wakulima.

Iko habari nyingine ya watu wenye silaha, nayo imo katika Injili ya Luka, sura ya tatu. Yohana Mbatizaji alipokuwa akiwaandaa watu kando ya mto Yordani, makundi mbalimbali yalimjia yakimwuliza yafanye nini. Wakaja watoza ushuru. Kisha wakaja askari, nao wakauliza swali lao wenyewe: na sisi je? Naona swali hilo ni la kitoto katika maana iliyo njema, yaani la mtu asiyejifanya kwamba anajua. Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu mali yake, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Kwa mambo hayo matatu mkimbizi hujua amefika nchi ya namna gani, mara anapokutana na mtu wa kwanza mwenye magwanda kwenye kizuizi cha barabara.

Katika mpango wa masomo wa Kanisa Katoliki, ambao huzunguka kwa miaka mitatu, sehemu hiyo husomwa Jumapili ya tatu ya Majilio, ile ya rangi ya waridi. Ilisomwa tarehe 15 Desemba 2024, na zamu yake itarudi tarehe 12 Desemba 2027. Askari atakayekuwa kanisani siku hiyo atasikia kazi yake ikitajwa kwa jina.