Kabla Hujaikunja Nepi

Mgeni akija kumwona mzazi, hakawii kuuliza: "Maziwa yanatoka?" Mama hubaki akijiuliza naye, maana titi halina mistari ya mililita kama chupa. Lakini kipimo anacho, tena hukifungua mara nyingi kwa siku. Ni nepi ya mwanawe.

Choo cha kwanza ni cheusi chenye ukijani, kizito, kinanata kama lami. Wataalamu hukiita mekoniamu, neno la Kigiriki lililotokana na utomvu wa kasumba. Mtoto alikuja nacho kutoka tumboni. Miezi yote ile alikuwa akimeza maji ya uzazi, na pamoja nayo seli za ngozi na vile vinyweleo laini tunavyoviita malaika. Nyongo ikaongezea rangi. Watoto wengi waliotimiza miezi hukitoa ndani ya saa 24, na karibu wote ndani ya saa 48. Kisipotoka, au tumbo likivimba na mtoto akatapika matapishi ya kijani, apelekwe hospitali mara moja. Huenda utumbo umeziba, au sehemu yake haina neva za kuusukuma uchafu, ugonjwa ambao daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliueleza mwaka 1886.

Kinachokisukuma choo hicho kitoke ni dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo ambayo baadhi ya familia bado huyakamua na kuyamwaga. Nasikitika kila nikisikia hivyo. Mekoniamu imejaa bilirubini, rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ikikaa sana utumboni, sehemu ya rangi hiyo hufyonzwa tena kurudi kwenye damu, na umanjano wa mtoto huzidi. Tone la dang'a linamlisha mtoto na kumsafisha kwa wakati mmoja.

Siku ya tatu au ya nne weusi hupungua, choo kinakuwa cha kijani-kahawia. Kufikia siku ya tano kinakuwa cha manjano kama bizari, chepesi, chenye chembe mfano wa mbegu ndogo. Chembe hizo ni maziwa yaliyoganda. Harufu yake si ya kukera, na hapo pana jambo la ajabu: maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bakteria wema wa utumboni, bifidobakteria, ambao Mfaransa Henri Tissier aliwapata mwaka 1899 kwenye choo cha mtoto anayenyonya. Mama analisha mtoto na walinzi wake. Maji ya glukosi au uji mwepesi wa "kumtuliza" huwaletea walinzi hao vurugu, na humshibisha mtoto kabla hajanyonya.

Mkojo nao huhesabika: nepi moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na kuendelea hivyo, hadi sita au zaidi kwa siku kuanzia siku ya tano. Pampasi hunyonya maji hata mkono usihisi kitu, kwa hiyo mimina vijiko vitatu vya chakula vya maji kwenye mpya, uushike uzito wake, kisha ulinganishe. Madoa ya rangi ya vumbi la tofali katika siku za mwanzo ni chumvi za mkojo mzito. Yakiendelea baada ya siku ya nne, au choo kikiwa bado cheusi siku ya tano, huenda maziwa hayamfikii vya kutosha. Mkunga atazame jinsi anavyoshika titi.

Vitu vinavyowatisha wazazi mara nyingi havina neno. Choo cha kijani kwa mtoto mchangamfu anayenyonya vizuri. Kishindo cha choo kinachoruka hadi mgongoni. Tone la damu ukeni mwa binti wa siku chache, linalotokana na homoni za mama. Siku kadhaa bila choo baada ya wiki ya sita, mradi kikija ni laini. Damu ndani ya choo, au choo cha majimaji matupu kilichozidi ghafla, hayo ni mengine. Mtoto aonwe siku hiyo hiyo.

Rangi ninayoiogopa mimi haimshtui mtu. Ni weupe: choo cha rangi ya chokaa, ya kijivu, au ya udongo uliopauka. Maana yake huenda mirija inayopeleka nyongo kutoka kwenye ini imeziba. Mtoto ananyonya, ananenepa, wageni wanamsifu, huku ini likiharibika. Daktari Morio Kasai wa Japani alibuni katika miaka ya 1950 upasuaji wa kuipatia nyongo njia mpya, nao hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Taiwan iliweka kadi ya rangi za choo ndani ya kijitabu cha kila mtoto mwaka 2004, na watoto wakaanza kugunduliwa mapema.

Kwetu chanjo za wiki ya sita huangukia siku ya 42. Hapo zimebaki siku 18 tu kufikia zile 60. Rangi ya choo inaweza kupauka kidogo kidogo, kwa hiyo tazama pia weupe wa macho na ufizi, maana ngozi nyeusi huficha umanjano. Umanjano uliovuka wiki mbili, au mkojo mweusi kama chai unaotia doa nepi, humpeleka mtoto kliniki bila kungoja arobaini. Tazama nepi dirishani, mchana, kwani taa ya usiku hubadilisha rangi. Ukiona weupe, ifunge kwenye mfuko uende nayo, na mlangoni umwambie muuguzi umri wa mtoto kwa siku.