Mpangilio wa Macho kama Kigezo cha Kumtambua Buibui-Mbwamwitu Nyumbani

Buibui wa familia ya Lycosidae, anayeitwa hapa buibui-mbwamwitu, kwa kawaida huwinda kwa kukimbiza au kuvizia, bila kutegemea utando, na mara nyingine huingia majumbani. Rangi yake ya kahawia haitoshi kumtambulisha, kwani buibui wengi wa nyumbani wanayo. Kigezo cha kutegemewa ni macho. Anayo manane katika safu tatu: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili ya wastani nyuma zaidi. Usiku macho hayo hung’aa yanapomulikwa kwa tochi. Aidha, jike hubeba kifuko cha mayai kikiwa kimeshikizwa nyuma ya tumbo, na watoto wakishaanguliwa hupanda mgongoni mwake.

Umuhimu wa vigezo hivi unadhihirishwa na Brazili. Kwa miaka mingi, vidonda vya kuoza kwa ngozi vilihusishwa na buibui-mbwamwitu, hata ikatengenezwa dawa ya kukabili sumu yake. Hata hivyo, utafiti wa kitabibu uliochapishwa mwaka 1990, uliochunguza matukio 515 ya kuumwa huko São Paulo, haukubaini kuoza kokote. Vidonda vya aina hiyo husababishwa na buibui wa jenasi Loxosceles, mwenye macho sita katika jozi tatu. Kwa hiyo, iwapo buibui aliyeuma amehifadhiwa, kuyahesabu macho yake ni hatua ya kwanza ya kumwepusha mgonjwa na tiba isiyomstahili.